Mtaala wa Kidunia

Mwanangu Nkatha alikaa darasa la kwanza mwaka mzima bila kumwambia mtu yeyote neno hata moja. Nyumbani anaongea, tena anaongea mpaka babake huvaa headphones zisizocheza chochote, lakini akivuka mlango wa nje tu, kimya. Walimu wake walikuwa watu wema. Walimpa picha za kuonyesha kwa kidole, wakamletea mama mmoja mpole wa kukaa naye sakafuni, naye akawatazama wote kwa adabu na kufunga mdomo. Husemwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi niliungoja huo mshindo nikachoka, nikamtoa shule nimsomeshe mwenyewe nyumbani, pamoja na kakake Shaun, ambaye ana miaka tisa, hajanyamaza tangu azaliwe, na alikataa katakata kuachwa nyuma.

Mshindo ulikuja katika chumba cha kufulia nguo, chini kabisa ya jengo letu hapa Malvern, ughaibuni. Zain, mtoto wa jirani yetu Almina, alikuwa amesimama mbele ya mashine ya kukausha, ameshika ule utando wa manyoya unaobaki kwenye chujio. Akauliza, bila kumwuliza mtu hasa, kwa nini nguo zina rangi zote lakini manyoya yake ni ya kijivu kila siku. Nkatha akamjibu. Nilikuwa nimekumbatia shuka lililolowa na sikulitua mpaka wamalize, maji yakinitiririka hadi kwenye soksi, kwa sababu niliogopa hata sauti ya kikapu ingemshtua. Hawakukubaliana kuhusu manyoya. Walibishana kwa Kiingereza mpaka mashine zote zikazima, na Almina alipoingia kumtafuta mwanawe alinikuta nalia na kucheka kwa pamoja, akaniuliza kama kuna mtu amefariki.

Kumbe naye alikuwa akimsomesha Zain nyumbani. Tangu siku hiyo tunasomesha pamoja. Almina ni Ismailia mzaliwa wa Moshi, ana Kiswahili kitamu kuliko changu, na hesabu anazijua kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Mimi nashika kusoma, kuandika na kelele. Kwa kuwa mume wangu Kangethe hufanya kazi yake ya kompyuta kwenye meza yetu ya kulia, na kila akiwa mkutanoni Shaun hupita nyuma yake na chupi kichwani, kanisa letu la Kiswahili lilituazima chumba cha Sunday school kila Jumanne na Alhamisi. Ufunguo uko kwa Mama Dorotea, mwenyekiti wa akina mama. Humo ndimo ilimo meza ambapo mwanangu hukaa ubavuni mwa Zain na kuongea. Mbali na meza hiyo, kwa watu wa nje, bado alikuwa hasemi kitu, na mimi nilikuwa tayari kupigana na simba kwa ajili ya ile meza.

Mwezi wa nane ulitukuta na kila kitu isipokuwa mtaala wa sayansi. Almina alikuwa na sharti moja, akalisema jikoni kwangu huku akimenya chungwa.

“Jirani, mimi sina neno na kanisa lenu. Wamenipa chumba, wamenipa na chai. Lakini sitaki kitabu cha sayansi kimfundishe Zain dini. Dini atafundishwa na mimi na jamatkhana tunakosali. Nkatha atafundishwa na wewe na Mama Dorotea. Kwenye sayansi, tupime maji.”

“Na tusipoupata mtaala kama huo?”

“Jumatatu namwandikisha shule. Siwezi kuingia Septemba nikibahatisha.”

Hakuwa akinitisha. Almina hatishi mtu, husema tu jambo lilivyo na kuendelea kumenya. Lakini nilimwona Nkatha chini ya meza akimweleza Zain kwa nini ganda la chungwa linateleza upande mmoja tu, nikafungua kompyuta hapo hapo.

Basi tukaanza kutafuta. Kila mtaala kwenye mtandao una picha ya mtoto aliyevaa miwani mikubwa, anacheka na maji ya buluu. Sijui maji ya buluu yana kichekesho gani. Tulichukua sampuli za bure za mitaala mitatu, tukazichapisha kwa printa ya Kangethe mpaka ikaanza kulia, tukawapa watoto wenyewe wawe watahini.

Wa kwanza ulikuwa mzuri kwa macho, una simba kila ukurasa, na kila somo lilifungwa kwa aya ya kukariri. Mimi ni mtu wa kanisa. Naimba soprano, na nikipanda huwa sishukiki, na aya zenyewe nilizijua zote. Lakini somo la samaki lilikuwa na samaki kidogo na mahubiri mengi. Zain alipouliza samaki anapumuaje majini, kitabu kilimwambia ashukuru. Almina aliufunga kwa heshima zote, akauweka kando, akasema huu ni wa Jumapili.

Wa pili ulijisifu kwamba haugombani na mtu. Kweli haukugombana. Ulipofika kwa dinosaria ulisema waliishi zamani, kisha ukarukia sungura. Nkatha akauliza zamani gani, zamani ya nyanyake au zamani ya mawe. Aliuliza kwa Kiingereza, maana watoto wetu Kiswahili wanakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Tukapekua kurasa zote tusipate jibu. Shaun akasema tuwapigie simu wenye mtaala, nasi tukawapigia kweli, na kijana aliyepokea akatueleza kwamba swali hilo hutegemea familia. Nikamwuliza umri wa jiwe unategemeaje familia yangu. Huenda nilipandisha sauti kidogo. Kangethe, aliyekuwa mkutanoni, alizima kamera na maikrofoni na kuniangalia mpaka nikakata simu.

Wa tatu ulikuwa mwembamba, hauna rangi, umefanana na kijitabu cha maagizo ya friji. Uliandikwa waziwazi kwamba ni secular, yaani hauna dini ndani yake wala haupigani na dini ya mtu. Kila somo lilianza na swali na vitu vya jikoni. Sisi tulianza na yai kwenye siki. Tuliliacha humo mpaka ganda lote likayeyuka, likabaki yai uchi, laini, linadunda. Kijitabu kilionya lisidundishwe kutoka juu. Shaun alilidundisha kutoka juu, kwenye kibodi ya babake, babake akiwa katikati ya sentensi na wakubwa wake wa kazi. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Kangethe aliwaambia wale watu, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba anaomba radhi, kuna yai, na sijui lini nimewahi kumpenda mwanamume yule vile.

Nkatha hakucheka. Alikuwa amechutama akitazama kiini kikiingia katikati ya herufi, akiuliza ganda limekwenda wapi, na je, lingeweza kurudi, na je, meno yetu tukiyaweka kwenye siki. Zain alikuwa ameshajaribu kuonja siki. Almina aliniangalia juu ya vichwa vyao.

“Huu,” akasema.

“Huu,” nikasema.

Hiyo ilikuwa Ijumaa, na Jumamosi asubuhi ndipo mdomo wangu uliponiponza. Furaha ilinijaa mpaka nikawa siwezi kutulia. Nilitaka kuwaambia akina mama wa kanisani, kwa sababu walikuwa wamemwombea Nkatha mwaka ule wote bila kuchoka. Na kwao ni lazima niseme kwa Kiswahili, hasa kwa Mama Dorotea, aliyetoka Bukoba kuja kuishi na bintiye na ambaye Kiingereza chake ni cha basi na duka. Nikatafuta katika kamusi ya simu secular ni nini kwa Kiswahili. Kamusi ikanijibu: -a kidunia. Nikaliona neno zuri kabisa. Kwani mawe, mayai na siki si vya dunia hii? Nikabonyeza pale pa kurekodi, nikawatumia akina mama wote ujumbe huu:

“Akina mama, Bwana Yesu asifiwe. Naleta shukrani. Mimi na Almina tumetafuta sana, na sasa tumekubaliana. Kuanzia Septemba watoto tutawalea kidunia kwa hii mambo ya masomo. Tulijaribu ile njia ya Mungu, ikatushinda. Hii ya kidunia ndiyo imetufaa, na watoto wameipenda sana, hasa Nkatha. Tutaanza Jumanne, pale pale kanisani. Mbarikiwe.”

Nikaiacha simu kwenye kaunta nikaenda kujaza chupa.

Chupa ndizo zilikuwa somo lililofuata. Unatia maji ya vuguvugu, sukari na hamira, kisha unaivisha chupa baluni mdomoni na kungoja. Kijitabu kilisema chupa moja. Lakini Zain alitaka kuona itakuwaje bila sukari, Nkatha akataka kuona itakuwaje kwa asali, Shaun akataka ya kwake peke yake isiyoguswa na mtu, na Almina, mara hesabu zilipompanda, akataka maji ya joto la kila namna. Dirisha zima la jikoni likajaa chupa zilizovaa baluni. Jua la mwezi wa nane likazipiga vilivyo. Povu likapanda, baluni zikaanza kuinua vichwa moja baada ya nyingine, na harufu ikatoka jikoni, ikapita sebuleni, ikafika mpaka kwenye korido ya jengo.

Kangethe alitoka chumbani akinusa.

“Jemi, hii nyumba inanuka kama kwa guka siku ya ruracio,” akasema. Ruracio ni siku ya kupokea mahari, na guka wake, yaani babu, alikuwa fundi wa kupika pombe ya muratina, na watu walitoka mbali kuifuata. “Na simu yako inatetemeka kama imeingiwa na kitu. Umeambia watu nini?”

Aliichukua, akausikiliza ule ujumbe wangu kwa sauti ya juu. Alipofika kwenye njia ya Mungu iliyotushinda, alishika ukuta. Akaucheza tena. Mara ya pili nami nikajisikia.

Kwa mtu wa kanisa, kidunia si mawe na mayai. Kidunia ni pombe, ni disko, ni mume wa mtu. Ningemsikia mama mwingine akisema maneno hayo ningekuwa wa kwanza kufunga na kuomba kwa ajili yake, na pengine ningempigia simu dadake.

“Hapo umejichoma,” Kangethe akasema, akifuta machozi. “Umejichoma kabisa. Na ukawabariki mwishoni.”

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mimi nilijaribu kuyazoa. Nikaandika haraka kwamba nilimaanisha secular. Mmoja akajibu: secular kama secular music? Mwingine akatuma mikono ya maombi, mingi, inashuka kama mvua. Carmel, rafiki yangu Mkongomani tunayesimama naye kwenye kwaya, akaandika tu kuuliza kwa nini: Jemimah, pourquoi? Kisha ukaingia ujumbe mmoja wa Mama Dorotea. Ulisema: Mama Shaun, usitoke hapo nyumbani.

Almina alikuwa hajaelewa. Nilipomweleza alicheka, lakini kwa muda mfupi, kisha akaweka chini kikombe cha kupimia.

“Jirani, chumba ni chake. Akikataa, tutawaweka wapi hawa?”

Kabla sijamjibu, mlango ukagongwa.

Mama Dorotea aliingia na Biblia, Carmel akaingia na sufuria ya wali kwa sababu hajui kwenda kwa mtu mikono mitupu, hata mtu aliyeasi. Mama Dorotea akasema Bwana asifiwe, sisi tukasema amina, kisha pua yake ikafanya kazi. Nilimwona. Aligeuza kichwa polepole kuelekea jikoni, akatembea, akasimama mbele ya dirisha akaziona zile chupa zote zinavyochemka, na Almina amesimama katikati yake na mfuko wa sukari mkononi.

“Lubisi,” Mama Dorotea akasema kwa sauti ndogo, akiitaja pombe ya ndizi ya kwao. “Wanapika lubisi.”

“Non, hii ni kasiksi,” Carmel akasema, akinusa naye. “Mama, hii ni kasiksi ya Bukavu kabisa. Ile ya siku ya pili.”

“Mimi nilisema muratina,” Kangethe akachangia kutoka mlangoni.

Nikiwa na aibu hukasirika, na nikikasirika hunijia kicheko, na hapo vyote vilikuwa vimenifikia pamoja.

“Samahani, mama zangu,” nikasema, “lakini mbona wote mnaijua hii harufu vizuri hivyo?”

Carmel akaangalia sufuria yake. Mama Dorotea alimgeukia Almina kwa huzuni ya kweli.

“Hata wewe, mwanangu? Na dini yako?”

“Mama, mimi napima sukari tu,” Almina akasema.

“Wote huanza hivyo. Tushikane mikono.”

Tukashikana, hata Almina, hata Kangethe aliyekuwa akiuma midomo. Watoto walikuwa chini ya dirisha wakitutazama. Mama Dorotea akafumba macho, akaanza kuomba kwa ile sauti yake inayofika hadi maegeshoni. Akamshukuru Mungu kwa nyumba hii. Akaomba rehema juu ya wazazi. Akasema sasa tunakemea kila roho ya ulevi iliyojificha katika jiko hili, na itoke, itoke sasa hivi.

Ikatoka. Baluni la Shaun, lile lisiloguswa na mtu, lilikuwa limejaa kupita kiasi. Lilichomoka kwenye chupa kwa sauti ndefu ya aibu, ile sauti ambayo hakuna mtu anayetaka kusikiwa nayo kanisani, likazunguka jikoni likipuliza upepo wa hamira, likampita Kangethe, likatua kwenye kilemba cha Carmel na kumalizia hapo kidogo kidogo.

Carmel ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akiwa amefumba macho bado, akitaka kuendelea kuomba, mabega yanaruka na sufuria inalia kwenye kaunta. Kangethe akatoka nje ya jiko. Almina akaficha uso begani mwangu, nami nikawa sioni kwa machozi. Nilijua nacheka mahali pabaya, na kadiri nilivyojua ndivyo nilivyozidi. Mama Dorotea peke yake hakucheka. Alifungua macho, akasema amina kwa sababu maombi lazima yafungwe, akamuinamia Shaun.

“Babu, niambie ukweli. Hivi ni vitu gani?”

Shaun anampenda Mama Dorotea, na akiulizwa ukweli huusema wote.

“It's yeast, bibi,” akasema kwa fahari. “It makes gas and alcohol.”

Neno alcohol Mama Dorotea alilijua. Alijikalisha kwenye kiti cha jikoni. Kicheko changu kikakatika, maana niliona mkono wake umeshika mkoba, na ndani ya mkoba ndimo ulimokuwa ufunguo wa chumba. Nikafungua kinywa nieleze.

“Si hivyo.”

Nilidhani ni Zain. Haikuwa Zain. Nkatha alikuwa amesimama katikati ya jikoni na uso umemkunjamana kwa hasira. Huyu ni mtoto ambaye Mama Dorotea alikuwa amemlisha maandazi kila Jumapili bila kusikia asante yake. Lakini kakake alikuwa amekosea sayansi, mbele ya watu, na hilo lilimshinda kuvumilia. Akalisema kwa Kiswahili, kwa sababu aliyehitaji kuelewa hajui Kiingereza.

“Shaun anasema vibaya. Alcohol ni kidogo sana, hata huwezi lewa. Gas ndio mingi. Gas ndio inafanya baluni inakuwa kubwa.”

Mimi nilishika ukingo wa sinki.

Mama Dorotea, Mungu ambariki, hakusema ameongea, hakupiga vigelegele, hakumwita mtu aje aone. Alijibu alichoambiwa.

“Hiyo gesi inatoka wapi, mjukuu wangu?”

“Kwa hamira. Inakula sukari, halafu inapumua.”

“Inakula? Hamira hii ya maandazi?”

“Eeh. Ni hai.”

“Ni hai.” Mama Dorotea akaweka mkono kifuani. “Kwa hiyo miaka hii yote, nikiumua unga, vile viko mle vinakula?”

“Eeh.”

“Halafu mimi navikaanga.”

Nkatha akafikiri kidogo. “Eeh,” akasema.

“Mungu nisamehe,” Mama Dorotea akasema, na sikujua kama anatania. Carmel alikuwa amerudi kucheka. “Na mdomo wake uko wapi, huyu hamira?”

“Hana. Anakula na ngozi.” Kisha akaongeza, kwa haki, “Nafikiri. Zain, ni ngozi?”

Zain akasema ni ngozi, lakini ukurasa haukusema ni ngozi ya namna gani, na wote wawili wakakipeleka kijitabu kwa Mama Dorotea na kukiweka mapajani mwake. Akakifungua ukurasa baada ya ukurasa, ingawa hakuweza kukisoma, akitazama michoro ya chupa. Nikaona ni wakati wangu. Nikamweleza neno kidunia nilivyoliokota kwenye simu, na nilichotaka kusema.

“Kinasema Mungu hayupo?” akaniuliza.

“Hapana, mama. Hakisemi yupo wala hayupo. Kinasema chukua chupa.”

Akawaza. “Cherehani yangu ilikuja na kitabu cha namna hiyo. Hakikumtaja Mungu popote. Nikawa naomba mwenyewe kabla ya kushona.” Kisha uso ukarudi kuwa wa mwenyekiti. “Lakini cherehani iko nyumbani kwangu. Kile ni chumba cha Mungu, mwanangu. Wakiniuliza watoto wanasoma nini mle, nitawaambia nini? Kwamba nimewafungulia mambo nisiyoyajua?”

Almina alisogea mbele, akamsemesha taratibu.

“Mama, hatutaki kukuingiza matatani. Kama ni vigumu, sema tu. Jumatatu Zain anaweza kwenda shule, sitakuwa na kinyongo.”

Alisema kwa wema, na ndiyo maana iliniuma. Nkatha alisikia. Nilimwona akimwangalia Zain, kisha akaangalia chini, na mdomo ukafunga ule mfungo ninaoujua. Mama Dorotea alimuuliza baluni lile la asali mbona dogo. Hakujibu. Akamuuliza tena kwa upole. Hakujibu.

Mama Dorotea akainuka. Alisema jambo hili halitaki haraka, atatupa neno kesho. Akaomba chupa moja tupu, baluni moja na pakiti ya hamira, akavitia mkobani pamoja na Biblia na ufunguo. Tulikula wali wa Carmel bila mtu kumaliza sahani yake.

Jumapili kanisani aliniinamishia kichwa tu kutoka upande wa pili. Niliimba vibaya. Almina alinitumia ujumbe kuniuliza kama nimesikia lolote, nikamjibu bado, naye akasema ameshatafuta cheti cha chanjo cha Zain, endapo. Nilirudi nyumbani nikapanga vijiko upya, vijiko ambavyo havikuwa na shida yoyote. Nkatha alikaa dirishani na chupa zake. Babake alijaribu kumchekesha kwa ile sauti ya baluni, naye akatabasamu kumridhisha.

Jioni simu ikalia.

“Mama Shaun, Bwana asifiwe. Sijakupigia wewe. Nipe yule mdogo.”

“Mama, Nkatha kwenye simu huwa haongei na—”

“Nipe.”

Nikampa. Aliishika kwa mikono miwili, akaiweka sikioni. Nilisikia sauti ya Mama Dorotea ikilalamika ndani, kwamba puto limelala tangu jana, limelala kabisa, na bintiye anamcheka. Kisha Nkatha aliniangalia. Nikajitia kutafuta kitu kwenye friji, nikasimama pale na baridi usoni, naomba bila maneno.

“Maji ilikuwa moto?” nikasikia nyuma yangu.

Sauti ikajibu.

“Moto ya chai ama moto ya kuoga?”

Sauti ikajibu kwa kirefu.

“Hiyo ni ya chai.” Nkatha akashusha pumzi, kwa huruma, namna daktari anavyoshusha. “Umeziua.”

Sidhani kama kuna mtu amewahi kumwambia Mama Dorotea jambo la namna hiyo. Kicheko kilichotoka kwenye ile simu kilimfanya Shaun aje mbio kutoka chumbani. Nkatha akangoja kiishe.

“Anza tena,” akamwambia. “Maji ya kuoga mtoto. Na usiweke kwa dirisha kama hakuna jua.”

Akasikiliza. Akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba anaonekana. Akasikiliza tena, muda mrefu, na nyusi zikakaribiana. Akasema neno moja fupi ambalo sikulisikia, akasema kwaheri, akanirudishia simu.

“Amesema nini?”

“Atatufungulia Tuesday. Ati wakimuuliza tunasoma nini atawaambia maandazi. Na yeye anakuja kusoma pia. Alitaka kiti ya karibu na Zain.”

“Ukamjibu nini?”

“Nimemwambia hapana,” akasema mwanangu. “Hapo ni pangu.”